Juu au Mnarani

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, na keki iliyoandikwa jina langu. Nawashukuru kwa vyote viwili. Ila binti mmoja wa zamu ya asubuhi, aliyetoka jeshini juzi tu na bado hajajua kama abaki kuongoza ndege au aombe kwenda kurusha, alinisogelea akauliza, "Mzee Saidi, wewe ulichaguaje?" Nilikuwa na keki mdomoni, nikamjibu kwa mzaha, akacheka, akaenda. Baadaye nikaona swali lile halikustahili mzaha. Jibu lake ninalo, lakini ni refu, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, na mishahara ndiyo kabisa, maana mishahara yetu mnaijua na haina hadithi.

Niliingia jeshini mwaka wa tisini, kabla vita havijaanza kule kaskazini. Kwetu ni Muhima, hapa hapa Kigali. Baba alikuwa fundi cherehani, na Bibi, mama yake baba, alikuwa na kiduka cha sukari, chumvi, mafuta ya taa na ubani. Babu yake Bibi alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa huku, akafia huku, na alichotuachia ni Kiswahili na mizani. Nyumbani tulisema Kiswahili tangu kuamka mpaka kulala, na Bibi hakuvumilia mtu kukiharibu. Ukimwambia "nimerara vizuri" hakupi chai mpaka uwe umelala vizuri. Huo ndio ugonjwa wetu wa Kigali na nyinyi mnaujua: kwa Mnyarwanda, L na R ni ndugu wa tumbo moja, ukimwita huyu akaitika yule hakuna anayejali.

Nilipelekwa kwenye karakana ya helikopta, kule Kanombe, kando ya uwanja wa ndege. Nilitegemea spana. Mkuu wa mafundi, Ajida Gasipari, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, alinipa tambara. "Futa sakafu," akasema. Nikafuta. Nikamwambia nimemaliza. "Sasa futa tena." Nilifuta sakafu ile mpaka nikaota naifuta. Siku moja akaniita, akanionyesha tone moja jeusi chini ya tumbo la helikopta. "Umeliona?" Nimeliona, Ajida. "Umeliona kwa sababu sakafu iko safi. Ingekuwa chafu, hii tone ungeikanyaga, na kesho mtu angeanguka na helikopta." Siku hiyo ndipo aliponipa spana. Nimefundishwa na watu wenye vyeti vikubwa kuliko vya Gasipari, lakini hakuna aliyenifundisha kitu kikubwa zaidi kwa tambara.

Siku ile ile niliyopewa tambara, kijana mwingine alipewa tambara la pili. Jina lake Silasi, mtoto wa Kicukiro, upande mwingine wa Kigali. Baba yake alikuwa amekufa zamani, mama yake akiuza nyanya sokoni. Silasi hakuficha alichokuja kutafuta: alitaka kuruka, basi. Helikopta ikiondoka, aliacha kufuta akatoka mlangoni kuiangalia mpaka ipotee. Gasipari alikuwa anamrushia tambara lake mgongoni. "Wewe, mtazama mbingu! Mungu hajakuita bado!"

Nilimleta nyumbani akamwone Bibi. Bibi akamwuliza anataka kuwa nani huko jeshini. Silasi akakaa sawasawa, akajibu kwa fahari, "Bibi, mimi nitakuwa lubani."

Bibi akaweka kikombe chini. Kwake lubani ni ule ubani wa kufukiza. "Lubani? Yaani tukuweke kwenye chetezo tukuchome?"

"Lubani, Bibi! Wa ndege!"

"Ru-bani, mwanangu. Ru."

"Ndiyo hivyo, Bibi. Lu."

Tulicheka mpaka Baba akaacha cherehani akaja kuona kuna nini. Tangu siku hiyo Bibi alimwita Ubani, na Silasi aliitika.

Sasa niwaeleze lugha ya karakana, maana bila hiyo hamtaelewa mbele. Kinyarwanda tulisema tukiwa tumetulia. Kifaransa tulisema mbele ya wakubwa. Lakini kazi yenyewe, ya funga na legeza, shika hapa na usiguse pale, ilikuwa ya Kiswahili, kwa sababu mafundi wa kwanza walijifunzia Kongo na Bujumbura na waliporudi walirudi na spana na maneno yake. Kapiteni wetu, ambaye alikuwa mkuu wa kikosi na rubani pia, alikulia Gisenyi karibu na mpaka wa Goma, akakipenda Kiswahili kuliko sisi. Akikasirika hakutumia lugha nyingine.

Helikopta zetu zilipimiwa mafuta kwa lita. Kisha ikaja moja iliyonunuliwa mitumba, kutoka kwa watu wanaopima mafuta kwa uzito. Waalimu wa Kifaransa waliita kipimo hicho "livre". Mafundi wakongwe hawakutaka kusumbuka, wakakiita ratili, neno lile lile alilotumia Bibi kwa nusu kilo ya sukari; mafuta ya taa yeye aliyapima kwa lita. Kwa hiyo mashine tatu zilikula lita na moja ikala ratili. Ratili mia mbili zilitosha kuzunguka mji. Lita mia mbili zilitosha kwenda mpaka wa Burundi na kurudi. Tofauti ni karibu maradufu, na watu waliobeba tofauti hiyo mdomoni ni watu waliosema "rita" wakiwa na maana ya lita, na "latili" wakiwa na maana ya ratili. Nashangaa mpaka leo kwamba tulienda nayo muda mrefu vile.

Mwaka wa tisini na mbili Kapiteni alituita mimi na Silasi. Kulikuwa na nafasi mbili. Moja ilikuwa ya fundi wa safari, yule anayeruka na helikopta kila iendako, anakaa karibu na rubani, anasikiliza mashine na kuitibu ikiugua mbali na nyumbani. Na fundi wa safari mzuri, baada ya muda, ndiye aliyepelekwa kusomea urubani. Nafasi nyingine ilikuwa mnarani, kuongoza ndege za jeshi pamoja na waongozaji wa kiraia. Ukiingia mnara, umeingia. Hakuna ngazi ya kutoka mnarani kwenda angani.

"Saidi amefanya vizuri zaidi kwenye mtihani," Kapiteni akasema. "Kila mmoja atajaribu kote kuwili. Halafu Saidi atachagua. Silasi atachukua atakachoacha."

Nikamtazama Silasi. Hakunitazama. Tulipotoka nje aliniambia neno moja tu, "Chagua vizuri, sha," yaani rafiki yangu, akaenda kuosha mikono iliyokuwa safi. Hakuniomba. Siku zote za kujaribu hakuniomba, na angeniomba ningeudhika, lakini kule kunyamaza kwake kuliniudhi pia.

Nilianza na kuruka. Sitawadanganya: nilipenda kupita kiasi. Tulipoinuka mara ya kwanza nilitafuta mabati ya Muhima, nikaliona duka la Bibi, nikapiga kelele humo ndani nikisahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni. Kapiteni alishtuka, kisha akacheka. "Umeona nyoka?" Nimeona kwetu, mon kapiteni! Nilijifunza kusikia gia kwa makalio, kabla masikio hayajajua. Nilijifunza kwamba rubani mzuri anaongea kidogo, na mbaya haachi kuongea. Muda wangu ulipoisha nilishuka nikiwa nimekwisha kuamua. Ningesema juu. Nilimwonea Silasi huruma, ila huruma haikunibadilisha. Nilisema moyoni, na yeye angefanya hivyo hivyo.

Kisha nikapanda mnara, na Silasi akapanda helikopta.

Mnara uliniudhi tangu ngazi ya kwanza. Kuna joto, kuna kiti kinacholia, kuna watu wengine wanaoondoka na wewe unabaki. Aliyenifundisha alikuwa mwongoza ndege wa kiraia, Mzee Bonifasi, mwenye kikohozi kisichopona na sweta ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alinizuia kugusa redio. "Maneno watakufundisha kitabuni," akaniambia. "Wewe msikilize mtu. Rubani akitukana, hajambo. Rubani akinung'unika, hajambo. Akianza kukuambia tafadhali, simama." Nilidhani ni utani wa wazee. Sikukaa siku nyingi nikamsikia rubani mmoja wa ndege ya mizigo akisema tafadhali mara mbili, Bonifasi akasimama na kikohozi chake, na kweli, gurudumu la mbele lilikuwa limekataa kutoka. Likatoka baadaye. Lakini Bonifasi alikuwa wima kabla yule hajasema shida yake ni nini.

Alinifundisha na jambo jingine: usipokee habari ya ndege bila kuigusa mara ya pili. Rubani akikwambia ana mafuta kiasi fulani, mpigie simu aliyeyatia. Si kwa kumshuku mtu. Ni kwamba habari moja ikitoka vinywa viwili ndipo unaijua. Mimi niliona ni kupoteza wakati, na nilifanya kwa sababu aliniangalia.

Basi ikafika siku yenyewe. Ilikuja habari kwamba kule kusini, nusu ya njia ya kwenda mpaka wa Burundi, kuna mama mjamzito ambaye uchungu umemshika na mtoto hatoki, na daraja la kuelekea hospitali limechukuliwa na maji. Kapiteni akasema anaenda mwenyewe. Helikopta yake ya kawaida ilikuwa imefunguliwa matumbo kwa Gasipari, kwa hiyo akachukua ile ya mitumba. Ile ya ratili. Silasi akaenda naye kama fundi wa safari.

Ile helikopta, niwaambie, kipimo chake cha mafuta kilikuwa kimekwama kwenye "tele" tangu mwezi uliopita, kikisubiri kifaa. Taa yake ya kuonya mafuta yanakwisha iliwaka hata tenki likijaa, kwa hiyo hakuna aliyeijali. Tulipima kwa kuchovya kijiti. Siku hiyo kijiti hakikuchovywa, kwa kuwa Silasi alikuwa ndani anafunga machela na mashine ilikuwa tayari inanguruma. Kapiteni alitoa kichwa dirishani akamfokea Venusti, koplo wa lori la mafuta, "Rita mia mbili!" Venusti akaitikia, akatia, akatoa kidole gumba. Wakaondoka. Haraka haraka haina baraka, lakini mama yule angesubiri methali?

Walifika, wakampakia mama, wakageuka. Kapiteni akaniita redioni kwamba wanarudi, wote wazima, mgonjwa analalamika. Bonifasi akanitupia jicho. Nikajua anataka nini. Nikachukua simu, nikampigia Venusti.

"Venusti, uliwatilia ngapi?"

"Mia mbili, kama mukubwa alisema."

"Mia mbili nini?"

"Latili."

Kwa masikio ya mtu mwingine pale hakuna kitu. Lakini mimi nilikulia nyuma ya mizani. Nikauliza, "Latili au rita?"

"Si ndiyo nasema? Latili!"

"Venusti, nisikilize. Ratili au lita?"

"Yewe, Saidi, iko moja! Latili, ratili, weye unataka nini?"

Ningerudia maneno yale mawili mpaka jioni, yangeingia katika sikio lake kama neno moja. Nikafumba macho, nikaliona duka la Bibi.

"Ile ya kupimia sukari," nikasema, "au ile ya kupimia mafuta ya taa?"

Venusti hakusita hata kidogo. "Ya sukari! Hiyo helikopta si inakula ya sukari siku zote?"

Na alikuwa na haki. Helikopta ile ilikula ratili. Kapiteni, kwa mazoea ya mashine yake, aliomba lita. Kila mmoja alisema alichojua na kusikia alichozoea, na mafuta yaliyokuwa angani yalikuwa nusu na kidogo tu ya yale waliyodhani.

Nilimgeukia Bonifasi nikamweleza. Aliniachia redio. "Sema weye. Mimi nikisema watauliza, na kuuliza ni mafuta."

Redioni tulitakiwa kutumia Kifaransa au Kiingereza. Sikukumbuka. "Kapiteni, mafuta uliyo nayo ni nusu ya unayodhani. Nusu. Tua sasa hivi." Yale maneno mawili sikuyagusa kabisa.

Kapiteni akajibu, "Kipimo kinasema tele."

"Kipimo ni kibovu, unajua."

"Tumeshavuka mto. Mnara nauona. Tunafika."

Niliwaona kwa darubini, doa juu ya Gahanga, kusini mwa mji. Kati yao na sisi kulikuwa na mabonde, na nyumba za Kicukiro zimejaa watu. "Hamfiki, mon kapiteni. Tua Gahanga. Kuna mashamba ya viazi vitamu, udongo ni laini."

"Nina mgonjwa hapa. Rudia tena, tafadhali."

Bonifasi akasimama.

Ndipo sauti ya Silasi ikaingia, nyembamba, si sauti yake ya siku zote. "Saidi, una hakika?"

"Venusti kaweka ya sukari, Silasi! Ya sukari, si ya mafuta ya taa!"

Sijui kama Kapiteni alielewa. Silasi alielewa, maana alishakunywa chai nyingi mbele ya ile mizani. Nilimsikia akimfokea mkuu wa kikosi kwa Kinyarwanda, maneno ambayo siku nyingine yangempeleka mahabusu. Doa likaanza kushuka. Likapotea nyuma ya kilima. Redio ikanyamaza.

Mnajua kimya cha mnarani. Mimi nilikuwa sijakijua bado. Nilikaa na kipaza sauti mkononi nikimwita Silasi kwa jina lake, si kwa namba ya helikopta, na Bonifasi hakunikataza. Kisha akaitika.

"Tuko kwa viazi," akasema. "Injini imezima yenyewe tukiwa tumeshakanyaga. Mama iko sawa. Na kuna mzee amekuja na jembe anauliza nani ameturuhusu."

Nililia, mbele ya Bonifasi na mbele ya vioo vyote vile. Bonifasi akakohoa akatazama upande wa pili, mtu wa adabu.

Lori lilimfuata mama yule likampeleka hospitali. Alijifungua salama, na alituma neno kwamba anashukuru sana, na kwamba hapandi tena kitu kisicho na magurudumu. Gasipari alitukusanya wote karakanani. Hakumtafuta mkosaji, alijua hakuna wa peke yake. Akapiga marufuku lita na ratili, maneno yote mawili. Kuanzia siku hiyo mtu alisema "sukari mia mbili" au "taa mia mbili", na wageni kutoka makao makuu walidhani tunafanya biashara ya magendo.

Baada ya hapo kila mtu alidhani nimeshachagua. Bonifasi hata kiti kinacholia alikitia mafuta. Watu hawakujua kwamba nilitaka kuruka kuliko nilivyotaka kabla. Nilishawahi kusikia kimya kile. Nilitaka kuwa ndani ya helikopta, si nje yake nikiita majina. Kapiteni akaniambia nimpe jibu Jumatatu.

Jumamosi Silasi alikuja Muhima. Bibi hakuwepo, tukakaa kizingitini. Safari hii hakunyamaza.

"Saidi, weye sema unayotaka. Ukienda juu, mimi nitakaa mnarani, sitakasirika. Nitakasirika kidogo. Lakini lazima nikuambie kitu, na si ya kukuomba."

"Sema."

"Ningekuwa mimi nimempigia Venusti simu, akaniambia latili mia mbili, ningemwambia asante, nikaweka simu."

Nikamwambia, hapana, ungeuliza kama nilivyouliza.

"Ningeuliza nini?" akasema. "Hata sasa ukisema yale maneno mawili, mimi nasikia moja. Bibi amenifundisha miaka yote hii na mimi bado iko lubani. Juu nitakufaa, mashine naisikia. Watu siwasikii hivyo. Ukiniweka pale chini, siku moja wewe utakuwa juu na mimi nitasema asante, nitaweka simu."

Akanyanyuka akaenda zake, hakunywa chai. Nilibaki pale nikiwa na hasira naye kwa kusema kweli. Mtu akikuomba unaweza kumkatalia. Silasi hakuomba kitu.

Jumatatu Kapiteni aliuliza, "Juu au mnarani?" Nikasema mnarani. Neno lilitoka kama jino linalong'olewa. Silasi aliyekuwa amesimama nyuma yangu hakushangilia. Nilimsikia tu akivuta pumzi ndefu, halafu mkono wake ukanishika bega ukakaa pale. Kapiteni akasema vizuri, akarudi kwenye makaratasi yake.

Mtaambiwa mfuate moyo. Wangu ulikuwa unafuata helikopta. Mimi ushauri wangu ni mkavu zaidi: jiulize wapi, wewe ukitoka, kitu kitapita bila kusikika. Ukipapata, kaa hapo. Lakini msidhani ukikaa hapo utafurahi mara moja. Nilijuta. Mwaka wa tisini na tatu wote nilijuta. Silasi aliruka karibu kila siku na aliipenda kazi yake bila haya, akarudi na habari za volkano, za Ziwa Kivu asubuhi, za Kapiteni aliyemwachia redio wakiondoka, na akaanza kumwachia usukani wakiwa juu peke yao. Nilimsikiliza nikatabasamu, na ndani niliwaka wivu. Kuna siku niliomba augue, homa ndogo tu, nipate kuombwa nikakae mahali pake. Hakuugua. Alikuwa na afya ya punda.

Jeshi lile na mambo yake, wapo walioyaandika na wapo waliohukumiwa, mimi naandika kazi. Ila hili lazima niliandike. Aprili ya mwaka wa tisini na nne, mauaji ya kimbari yalipoanza, Silasi alitoka kambini bila ruhusa akaenda Kicukiro kumchukua mama yake, kwa sababu mama yake alikuwa Mtutsi na wauaji walikuwa wameanza kupita nyumba kwa nyumba. Alikuwa amevaa sare, akadhani sare itawavusha. Jirani yao aliyesalia ndiye aliyenieleza baadaye. Wangemwacha yeye apite, walimwambia aende. Hakumwachia mama yake mkono. Waliwaua wote wawili njiani.

Miaka mingi imepita. Nilivua sare, na uwanja ulipohitaji tena watu wa mnara nilirudi kama raia, mkanikuta humo. Watu wa rika langu waliniambia mara nyingi kwamba nilijitoa mhanga kwa ajili ya rafiki. Si kweli, na sipendi kusikia. Nilisema mnarani kwa kuwa masikio yangu yalihitajika huko, na nikanuna mwaka mzima. Lakini mwaka ule nilionuna ndio mwaka pekee alioupata. Mimi nilikuwa na miaka ya kusubiri hata kama sikujua. Yeye hakuwa nayo, na ningejibu "juu" Jumatatu ile, Silasi angekufa bila kuruka tena. Aliruka. Kila asubuhi aliomba ruhusa ya kuondoka, na mimi ndiye niliyempa.